Tusibatize Jino kwa Haraka

Katika habari za viumbe vya kale vilivyokwisha kutoweka duniani, ziko namna mbili za watu wanaoharibu kazi njema. Wa kwanza ni wenye kucheka. Wakisikia kwamba mjuzi fulani ameokota jino dogo kama punje ya mtama, akasema ni la samaki aliyeishi miaka milioni 60 iliyopita, tena akampa samaki yule jina la Kilatini, wao hupiga makofi na kusema: «Hadithi tu! Nani alimwona?» Wa pili ni wenye haraka. Hao wanaliokota jino lile lile, wanaona lina mkunjo mdogo ambao hawajauona katika kitabu, na kabla jua halijachwa wamekwisha andika jina jipya. Kwa desturi ya elimu hiyo, jina la mtungaji hufuata nyuma ya jina la mnyama. Basi wanapenda kusomwa.

Nataka kushindana na wote wawili, lakini zaidi na wa pili. Mwenye kucheka anajidhuru mwenyewe, kwa sababu anakosa kujua. Mwenye haraka anawadhuru wengine, kwa sababu anaandika neno lisilo hakika mahali ambapo wengine watakuja kulisoma na kulisadiki. Nitatoa mfano mmoja tu, nao ni samaki wa baharini aitwaye taa, pamoja na meno yake.

TAA NI SAMAKI GANI?

Ninyi mnaokaa kando ya Ziwa Tanganyika mnajua sangala, kuhe, mukeke na ndagala. Taa hamjamwona ziwani, wala hayumo. Tena tusimchanganye na taa ya kuwasha usiku. Watu wa pwani, huko Mombasa, Zanzibar na Kilwa, humwita kwa jina hilo samaki aliye bapa na mpana kama ungo, mwenye mkia mwembamba kama mjeledi. Na aina nyingi zina mwiba wa sumu mkiani. Mdomo wake uko upande wa chini. Ni ndugu wa papa wa baharini.

Jambo la kushika ni hili: taa hana mifupa migumu. Ukila sangala unabaki na mifupa mkononi. Lakini mwili wa taa, kama ule wa papa, umeshikwa na gegedu, kama lile la sikio lako au la ncha ya pua yako. Gegedu huoza. Taa akifa, nyama inaliwa, gegedu linaoza, mchanga unafunika kilichobaki. Na kilichobaki mara nyingi ni meno, pengine na miiba ya mkia. Meno ni magumu, tena ni mengi sana, kwa maana taa hubadili meno siku zote za maisha yake. Ya mbele yakichakaa yanaanguka, na ya nyuma yanasogea kushika nafasi yake, kama watu waliopanga mstari kungoja zamu.

Ni mahali pachache duniani ambapo mwili mzima wa taa wa kale umeonekana ndani ya jiwe: Monte Bolca katika nchi ya Italia, mawe ya Lebanoni, na Wyoming huko Marekani, ambako taa aitwaye Heliobatis radians alipewa jina na Othniel Marsh mwaka 1877. Penginepo karibu pote, mwenye kutafuta taa wa kale anatafuta meno. Anachukua udongo, anauosha katika chekeche, anaukausha, anautandaza, kisha anautazama punje kwa punje kwa darubini. Kazi hiyo yataka subira kuliko kuchambua mchele.

KWA WENYE KUCHEKA

Mnauliza: «Jino moja litaonyeshaje samaki mzima?» Nawajibu: Ninyi wenyewe mnafanya kazi ya namna hiyo kila siku. Mkulima akiingia shambani asubuhi na kukuta mahindi yameliwa, hangoji kumwona mwizi. Anatazama hindi lilivyotafunwa, anasema: huyu ni nguruwe wa pori, au huyu ni nyani, au huyu ni panya. Hakumwona, lakini anajua, kwa sababu jino ni chombo cha kazi, na kila chombo huacha alama ya kazi yake.

Twaeni ukoo wa taa unaoitwa Myliobatis. Jina hilo alilitoa Mfaransa Georges Cuvier mwanzoni mwa karne ya 19. Limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni taa wa jiwe la kusagia. Kweli ni jina zuri! Mdomoni mwake hamna meno ya ncha. Meno yake ni bapa, yameungana kama matofali yaliyopangwa sakafuni. Katikati upo mstari mmoja wa meno mapana yenye pembe sita, na kila upande ipo mistari mitatu ya meno madogo. Kwa sahani hiyo anavunja na kusaga konokono na kaa wa baharini, kama mama anavyosaga mtama. Ndugu yake aitwaye Aetobatus ana mstari mmoja tu wa meno mapana, bila madogo ya pembeni. Na mkiligeuza jino la taa wa jamaa hiyo, chini kwenye mzizi mtaona mifereji mingi midogo iliyokaa sambamba, kama meno ya kitana.

Basi mtu aliyejifunza, akishika jino lililogeuka jiwe, akahesabu pembe sita, akaligeuza na kuona kile kitana, haoti ndoto. Anasoma, kama ninyi mnavyosoma barua ya ndugu aliye mbali. Hamwoni uso wake, lakini mnajua mwandiko wake.

Tena kusoma huku hakukuanza jana, wala hakukuanzishwa na adui za dini. Zamani watu wa Ulaya waliokota ndani ya mawe meno makubwa ya papa, wakayaita ndimi za mawe. Mwandishi wa Roma, Plinio Mzee, aliandika kwamba huanguka kutoka mbinguni wakati mwezi unapopatwa. Katika kisiwa cha Malta watu walisema ni ndimi za nyoka waliolaaniwa na Mtakatifu Paulo, alipofika huko baada ya jahazi kuvunjika. Mwaka 1616 Mtaliano Fabio Colonna aliandika kwamba si ndimi, ni meno ya papa, wengi hawakusadiki. Ndipo mwaka 1666 wavuvi walipokamata papa mkubwa karibu na Livorno. Mtawala wa Toscana, Ferdinando wa Pili, akaagiza kichwa chake kipelekwe Firenze kwa daktari mmoja wa Denmark, jina lake Niels Stensen. Stensen akakipasua kile kichwa, akayatazama meno, akayalinganisha na ndimi za mawe, na mwaka 1667 akatoa kitabu chake: vitu hivi vinafanana kabisa na meno ya papa. Mwaka ule ule 1667 akaingia katika Kanisa Katoliki. Akapadrishwa mwaka 1675, akawa askofu mwaka 1677, akafa mwaka 1686. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988. Mkristu anayedhani kwamba imani yake yamtaka aidharau elimu ya mawe, basi na aanze kwa kumcheka Mwenye Heri huyu.

Lakini angalieni vema jinsi alivyofanya. Hakubahatisha. Mkono mmoja alikuwa na kichwa kibichi cha papa, mkono wa pili alikuwa na jiwe. Alilinganisha kwanza, akasema baadaye. Hapo ndipo ugomvi wangu na wenye haraka unapoanza.

KWA WENYE HARAKA

Nimesema jino ni shahidi. Sikusema shahidi hakosei kueleweka. Iko mitego mitatu, na mwenye haraka huanguka katika yote mitatu.

Mtego wa kwanza: mdomo mmoja una meno ya namna nyingi. Tieni kidole kinywani mwenu, mtaona jino la mbele si sawa na gego. Kwa taa pia ni hivyo. La katikati ni pana, la pembeni ni dogo. La taya la juu pengine si sawa na la taya la chini. La samaki mchanga si sawa na la mzee. Na lililosaga kwa muda mrefu limepoteza alama zake. Mtu akiokota meno matatu yasiyofanana anaweza kuandika majina matatu, kumbe yote yalitoka katika kinywa kimoja.

Mtego wa pili: dume na jike. Mwaka 1996 wajuzi wawili wa Marekani, Stephen Kajiura na Timothy Tricas, waliandika habari ya taa wa pwani ya Florida aliyeitwa wakati ule Dasyatis sabina. Jike ana meno bapa mwaka mzima. Dume naye ana meno bapa kama ya jike. Lakini majira ya kuzaana yakikaribia, meno mapya yanayotokea yana ncha kali iliyopinda, yamsaidie kumshika jike. Majira yakipita, meno bapa yanarudi. Haya, fikirini: kama samaki huyu angalikuwa ametoweka, na kama tungalikuwa na meno yake tu, wangapi wangalijizuia? Wenye haraka wangaliandika aina mbili, moja ya kusaga na moja ya kuchoma. Wangalieleza hata vyakula vyao mbalimbali! Kumbe ni samaki mmoja, tena dume mmoja, mwezi huu na mwezi ule.

Mtego wa tatu: kufanana si undugu. Hapa iko habari ambayo yapasa ifundishwe katika kila shule. Katika miaka ya 1830 Louis Agassiz wa Uswisi, mwandishi wa vitabu vikubwa juu ya samaki wa kale, alitoa jina Ptychodus kwa meno mapana yenye mikunjo, yaliyofaa kuvunja magamba magumu. Meno hayo yamepatikana sehemu nyingi za dunia. Mwaka 1887 Arthur Smith Woodward, mjuzi wa Uingereza aliyeheshimiwa sana, aliyatazama na kuyaweka katika jamaa ya taa, kwa sababu ni bapa, yamepangwa kwa mistari, na ni ya kusaga. Nani angalimlaumu? Wengine baadaye walifikiri ni papa wa namna ya kale. Mabishano hayakuisha. Kisha katika mawe ya Vallecillo, jimbo la Nuevo León huko Mexico, ikaonekana miili mizima, yenye umbo la mwili na mapezi. Mwaka 2024 Romain Vullo na wenzake wakatoa habari: Ptychodus hakuwa taa hata kidogo. Alikuwa papa mwenye mbio, wa kundi lile la papa mkubwa mweupe. Meno yake yalifanana na ya taa kwa sababu kazi yake ilifanana. Shoka la Mbembe na shoka la Mshi hufanana kwa sababu yote mawili hukata mti. Haifuati kwamba wahunzi wao ni wa mama mmoja.

Tazameni sasa. Agassiz na Woodward walikuwa watu wa bidii, walifanya kazi kwa uangalifu, walitazama meno mengi. Hata hivyo ukweli ulikaa zaidi ya miaka 180 kabla ya kuonekana. Ikiwa watu wa namna hiyo waliweza kudanganywa na meno, wewe uliyeokota moja tu jana jioni una nguvu gani?

SHERIA NA DHAMIRI

Kutoa majina kuna utaratibu. Kila aina ina majina mawili: la ukoo na lake mwenyewe, kama alivyopanga Msweden Carl Linnaeus, nao wachunguzi wa wanyama huanza kuhesabu majina halali tangu kitabu chake cha mwaka 1758. Mataifa yote yana kanuni moja ya majina ya wanyama. Kanuni hiyo yadai jina jipya litolewe katika maandishi ya wazi, pamoja na sifa za kumtofautisha mnyama na wengine. Tena, kwa aina yoyote inayotajwa tangu mwaka 2000, yadai kichaguliwe kitu kimoja kiwe shahidi wa jina lile, au vichaguliwe vichache, na isemwe kimewekwa katika nyumba gani ya kuhifadhia. Kwa taa wa kale, shahidi huyo mara nyingi ni jino moja. Nitaliita jino-shahidi. Jina limefungwa katika jino hilo kama mbuzi katika kigingi. Mtu yeyote akiwa na mashaka, na aende alitazame.

Hii ni sheria nzuri. Lakini ina tundu: haiulizi meno ni mangapi. Jino moja, hata likiwa limevunjika, laweza kutosha kwa sheria. Hapo sheria inanyamaza, na dhamiri ya mtu inapaswa kusema. Torati yenyewe haikukubali mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja. Ilitaka wawili au watatu. Nasi tutaumba mnyama mzima kwa shahidi mmoja aliyevunjika?

Kwa hiyo nasema mwenye kutaka kumtaja taa wa kale kwa meno yake ana wajibu tatu. Kwanza, awe na meno mengi kutoka mahali pamoja na tabaka moja la udongo, ili aone yanavyobadilika katikati na pembeni, kwa wadogo na kwa wakubwa. Pili, ayalinganishe na vinywa vya taa walio hai, vyenye meno yote mahali pake, dume na jike, kama Stensen alivyolinganisha. Na ayalinganishe pia na kila jino-shahidi la majina yaliyokwisha tolewa, asitosheke na picha za vitabuni. Tatu, akishindwa katika hayo, aandike yote aliyoyaona, lakini aache jina.

Kuacha jina si aibu. Iko alama fupi ambayo wenye haraka hawaipendi, nami naisifu sana. Mtu akiandika «Myliobatis sp.», amesema: ni wa ukoo huu, aina yake haijajulikana. Herufi mbili tu, lakini ndani yake mna unyenyekevu kuliko katika kurasa kumi za majina mapya.

WANAYOSEMA KUJITETEA

Najua watakavyojibu. Watasema: «Jino ni moja, mwamba unabomoka, bahari inakula. Tusipoandika sasa litapotea.» Nawajibu: Andikeni! Lichoreni, lipigeni picha, lipimeni, lipeni namba, liwekeni mahali salama. Hayo yote yanaliokoa jino. Jina haliliokoi. Msituchanganyie kuhifadhi na kutaja. Daktari mwema huandika dalili zote za mgonjwa hata kabla hajajua ugonjwa.

Watasema tena: «Tukikosea, wengine watasahihisha.» Neno hilo ni jepesi mdomoni, lakini ni zito mgongoni mwa wengine. Jina likisha kutolewa kwa sheria halifutiki. Hata likionekana ni la bure, linabaki katika orodha, na kila mwanafunzi anayekuja nyuma hana budi kulichukua, kulichunguza, kulieleza, pengine kusafiri nchi nyingine kwa ajili ya kuliona jino lake moja. Mwaka 2013 Dirk Hovestadt na Maria Hovestadt-Euler walitoa uchunguzi mkubwa wa kuipanga upya jamaa ya Myliobatis ya kale, wakitazama meno, sahani nzima za meno na miiba ya mkia. Kazi ya namna hiyo ni kama kufagia nyumba ambayo wageni wengi wamepita na viatu vya tope. Tuwashukuru wenye kufagia. Lakini afadhali watu wafute miguu mlangoni.

Watasema mara ya tatu: «Bila jina jipya hakuna anayesoma maandishi yetu.» Hapo wamesema kweli ya moyo wao. Wanatafuta sifa, na jino limekuwa ngazi tu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa baraka inayokosekana ni ya wote.

INATUHUSU NINI SISI?

Labda msomaji wa Bukavu au wa Kalemie atauliza: bahari iko mbali, taa hatumjui, ugomvi huu watuhusu nini?

Watuhusu. Kwenye pwani ya Atlantiki, kaskazini ya mlango wa Mto Kongo, uko mji wa Landana katika Cabinda, sehemu ya Angola inayopakana na Kongo yetu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza misioni pale mwaka 1873. Katika miamba ya pwani ile mna tabaka za bahari ya kale, za wakati uitwao Paleosini, na ndani yake mna meno ya papa na ya taa. Mwaka 1913 Maurice Leriche alitoa maelezo juu ya samaki wa kale wa Landana. Baadaye Edmond Dartevelle na Edgard Casier wakaandika kazi kubwa juu ya samaki wa kale wa Kongo ya Chini na nchi za jirani, ikatolewa kwa sehemu tatu, mwaka 1943, 1949 na 1959. Mkusanyo wa Dartevelle umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Sasa fikirini maana ya meno hayo. Wachunguzi wanafundisha kwamba miaka milioni 66 iliyopita maafa makubwa yaliipata dunia, viumbe wengi wakatoweka. Paleosini ni wakati uliofuata mara. Basi mwenye kutaka kujua ni taa wangapi waliokoka katika bahari ya upande wetu, na wapya walitokea lini, atakwenda kuhesabu majina yaliyoandikwa juu ya meno ya mahali kama Landana. Ikiwa katika majina kumi matano ni ya bure, hesabu yake yote ni ya bure, hata akiwa hodari wa hesabu namna gani. Atasema walizidi pale walipopungua. Hayo ndiyo madhara ya mwenye haraka: anayatia sumu maji ya kisima ambacho hakuchimba peke yake.

Tena liko neno la haki. Jino-shahidi likikaa mbali, kijana wa Kongo au wa Angola anayetaka kubisha jina fulani ataliendea kwa nauli gani? Nayaomba majumba yanayohifadhi vitu vya nchi zetu yazidi kufungua milango, yapeleke picha safi na mifano ya plasta katika vyuo vya Afrika, yawakaribishe wanafunzi wetu. Jina ambalo mwenye nchi hawezi kulichunguza ni jina aliloletewa tu. Na kwetu sisi naongeza wajibu wetu: anayeokota jiwe la ajabu mtoni au machimboni asilibebe mfukoni na kulisahau. Aandike siku, mahali, na tabaka alipolitoa, alipeleke kwa mwalimu. Jino lisilo na habari ya mahali lilipotoka ni yatima. Hakuna mjuzi atakayemrudishia wazazi.

JINA LENYE HAKI

Msifikiri nachukia majina. Nayapenda, ndiyo sababu sitaki yatupwe ovyo. Sikilizeni habari ya mwisho.

Mwaka 1862 taa mdogo alipatikana katika soko la samaki la Jakarta, kisiwa cha Java. Alikuwa mmoja tu, lakini alikuwa mzima, na alihifadhiwa vizuri. Akaelezwa mwaka 1864 na Mjerumani Eduard von Martens, na sasa anaitwa Urolophus javanicus. Hakuonekana tena kamwe. Watu walimtafuta miaka mingi masokoni na baharini. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 shirika la ulimwengu linaloangalia hali ya viumbe lilitangaza kwamba ametoweka, na kwamba uvuvi wa kupita kiasi na uharibifu wa pwani ndivyo vilivyommaliza. Nalo shirika hilo lilikwisha sema mwaka 2021 kwamba zaidi ya theluthi moja ya aina za papa, taa na ndugu zao ziko katika hatari ya kutoweka.

Mnaona kazi ya jina lililotolewa kwa haki? Mwili ulikuwa mzima, uliwekwa mahali pa kuonekana, sifa zake ziliandikwa. Kwa hiyo miaka 160 baadaye watu waliweza kusema bila kubahatisha: huyu alikuwako, sasa hayupo, na sisi ndio tuliomwondoa. Asingalikuwa na jina la kweli, angalikufa bila mtu kujua kwamba kuna aliyekufa.

Ndivyo ninavyotaka kwa taa wa zamani za kale pia. Mungu alipomletea Adamu wanyama awape majina, Adamu alimwona kila mmoja mbele yake. Sisi hatuna neema hiyo kwa waliotoweka. Tunayo meno tu. Basi kwa kuwa tunaona kidogo, na tuseme kidogo. Tuhesabu, tulinganishe, tungoje. Siku meno yatakapokuwa mengi na ushahidi wake ukapatana, ndipo jina litolewe, nalo litasimama. Na mpaka siku hiyo, jino likae katika kisanduku chake, na namba yake, na karatasi yake inayosema lilipotoka. Limengoja miaka milioni 60 chini ya mchanga. Halitaona taabu kungoja kidogo tena.